Mkono wangu ulioitwa muhogo

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa binti mmoja wa Morogoro. Alianza na shikamoo, nikaitikia marahaba peke yangu kwenye daladala, kisha akamwaga yake. Sura anaweza. Macho anaweza. Nywele za kusuka anazichora mstari kwa mstari mpaka unahisi kichwa kinauma kwa niaba ya aliyesukwa. Ila mkono unamshinda. "Kaka, kila nikichora mkono unakuwa kama bomba la maji. Sasa watu wangu wote nawaficha mikono. Nifanyeje?" Akaambatanisha picha tatu. Kweli bwana: watu watatu, mikono sita, na hakuna hata mmoja unaoonekana. Wa kwanza kaitia mfukoni, wa pili kaipeleka mgongoni, wa tatu kajifunika kanga gubigubi kama mwali.

Nilicheka hadi konda akanigeukia. Halafu kicheko kikaniishia, maana na mimi niliwaficha watu mikono miaka na miaka, na siku nilipoamua kuutoa mkono hadharani niliaibika mbele ya mtaa mzima. Nikamwambia nitamjibu hapa, kwa sababu najua hayuko peke yake. Ninyi mnaosoma hapa mnataka kula kwa penseli kama mimi, na hakuna atakayekulipa maisha yako yote kwa kuchora watu wasio na mikono.

Mwaka 2019 mwenye jimu mmoja hapa Dar es Salaam aliniita nimchoree baunsa kwenye ukuta wa nje. Alikuwa ameona picha za sura ninazochora kwa penseli, akadhani anayeweza sura anaweza na mwili. Nami nikadhani hivyo hivyo. Tukakubaliana laki nne: mbili mkononi, mbili kazi ikiisha.

Nilipaka siku tatu juani. Mtu wa futi sita, miguu imekanyaga usawa wa baraza, kaptula nyekundu, mkono wa kulia ameukunja kutunisha msuli, wa kushoto unaning'inia umeshika dambeli. Sura ilitoka vizuri mno, na mpaka leo nasema ile ni moja ya sura bora nilizowahi kupaka ukutani. Mikono nayo niliichora kama nilivyoichora tangu utoto: mistari miwili sambamba, katikati naweka yai. Yai moja juu ya kiwiko, mayai mawili chini yake. Nikatia kivuli cha kahawia, nikarudi nyuma hatua kumi, nikajipongeza.

Asubuhi ya nne watu wa mazoezi wakaanza kukusanyika. Wa kwanza hakusema kitu. Alikunja mkono wake, akautazama, akautazama wa ukutani, akautazama wake tena. Wa pili ndiye aliyelitoa: "Fundi, huu mkono au muhogo?" Basi. Kuanzia hapo hapakuwa na wa kuwatuliza. Mmoja akauliza kama unauzwa kwa fungu au kwa kilo. Katikati ya kelele zile kijana mmoja mwembamba, ambaye baadaye nilikuja kujua anasomea tiba ya viungo, alinisogelea akasema kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko kicheko cha wenzake: "Kaka, samahani. Mkono wa kushoto kiganja umekigeuza kinatazama nyuma, lakini misuli ya kigasha, hapa kati ya kiwiko na kifundo, umeichora kama kiganja kinatazama mbele. Ni kama mkono umekatwa hapa kwenye kifundo, ukaungwa vibaya."

Sikumwelewa. Niliitikia tu kwa kichwa. Mwenye jimu alisimama mikono kiunoni, akaniambia zile laki mbili za mwisho nizisahau. Sikubishana naye. Nilifunga makopo yangu nikaita bodaboda, na nilipokaa nyuma nikagundua dereva ni mmoja wa waliokuwa wakicheka. Alicheka njia nzima, nauli akanipunguzia mia tano.

Nimesamehe. Lakini laki mbili ni laki mbili.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza mkono, na nilianza vibaya. Nilikwenda stesheneri nikachapishiwa picha ya misuli yote ya mkono, nikaibandika juu ya kitanda, nikaanza kukariri majina kama mtoto wa madrasa: deltoidi, bisepi, trisepi, brakialisi, brakioradialisi. Baada ya miezi mitatu nilikuwa naweza kuyataja yote nikiwa nimefumba macho. Nikachora mkono. Ukatoka muhogo ule ule, sasa una mistari.

Majina hayachori. Nikwambie hili mapema kwa sababu najua wewe binti wa Morogoro, na wengine wenye haraka kama wewe, mtakimbilia majina. Jina la msuli halikwambii unatoka wapi, unakwenda wapi, na ukivuta nini kinasogea. Ukiyajua hayo matatu, jina unaweza kulisahau na mkono ukasimama.

Kilichonifungua macho ni bucha. Jumamosi moja nilikwenda kununua nyama ya mbuzi ya supu, nikaomba mkono. Jamaa wa bucha akaunyanyua mguu ule wa mbele, akapitisha kisu kati ya kombe la bega na mbavu, akazungusha, mkono ukatoka mzima mzima kama koti. Hakugusa shoka. Sikusikia mfupa ukilia. Nikamwuliza mbona hajakata mfupa wowote. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yanalowesha. "Mkono haujaungwa kwa mfupa, kaka. Umeshikwa na nyama tu. Paja ndilo lenye kiungo."

Nilisimama pale na mfuko wangu kama mjinga. Mkono wa mbuzi umeshikwa na nyama tu. Nikajishika begani. Je, wangu?

Wangu na wako una mfupa mmoja unaouunga na kiwiliwili, nao ni mtulinga. Mbuzi hana mtulinga, sisi tunao. Weka kidole kwenye kishimo cha koo, sogea pembeni kidogo, utakuta kichwa cha mfupa. Hapo ndipo mkono unapoungana na kifua, mfupa kwa mfupa, na hakuna mahali pengine popote. Kombe la bega kule mgongoni linaelea juu ya mbavu, limefungwa kwa misuli. Sasa acha kidole pale pale, halafu nyanyua mkono kama unayesimamisha gari. Umesikia mfupa unavyojigeuza chini ya kidole? Mtu ukimwambia achore mkono anaanzia begani. Mkono unaanzia kooni. Ndiyo maana mikono mingi tunayochora inaonekana kama imechomekwa, kama ya mdoli: bega limebaki chini wakati mkono uko juu.

Mkono ule wa mbuzi nilirudi nao nyumbani nikaupika mpaka nyama ikaachia, nikatoa mifupa, nikaisugua, nikaipanga juu ya gazeti sakafuni. Mke wangu akaingia jikoni. "Hiyo ni supu au unapiga ramli?" Nikamwonyesha: hapa bega, huu mfupa mmoja wa mkono wa juu, hapa kiwiko, kiko juu kabisa karibu na kidari, na hili watu wanaloliita goti la mbele la mbuzi ndicho kifundo cha mkono wake. Mbuzi anatembea kwa kucha. Mke wangu akasema sawa, na supu iko wapi. Supu nilikuwa nimeisahau jikoni, imekauka.

Lakini kitu kikubwa nilikiona chini ya kiwiko. Wewe na mimi pale tuna mifupa miwili, ulna na radiasi. Kwa mbuzi miwili hiyo imeungana ikawa kama mmoja, huwezi kuitenganisha kwa mkono mtupu. Kesho yake nikanunua vipapatio vya kuku, nikapika, nikatoa mifupa: kuku anayo miwili, imeachana vizuri kabisa, mmoja mnene na mmoja mwembamba. Nikakaa na vipapatio vile mezani nikijiuliza kwa nini mimi nina miwili iliyoachana na mbuzi ana mmoja. Jibu likaja nilipokwenda kufungua mlango. Nilizungusha kitasa. Mbuzi hawezi kuzungusha kitasa.

Hapo ndipo nikamwelewa yule kijana mwembamba wa jimu, mwaka mzima na zaidi baada ya kuniambia.

Chukua vijiti viwili vya mishikaki. Vifunge pamoja ncha za juu kwa mpira wa pesa, vikae sambamba. Kimoja ni ulna, kishike kisitikisike. Cha pili ni radiasi. Sasa ncha ya chini ya radiasi ivushe juu ya mwenzake mpaka upande wa pili. Umepata herufi X. Huo ndio mkono wako kiganja kikitazama nyuma. Kikitazama mbele, vijiti viko sambamba. Kikigeuka, kimoja kimemvuka mwenzake. Na kiganja chenyewe kimepanda radiasi, kama abiria alivyopanda boda. Dereva akikata kona abiria hashuki, anakwenda naye. Kwa hiyo ukigeuza kiganja kwenye mchoro, misuli yote ya kigasha inabidi ijipinde ifuate. Mimi niligeuza kiganja nikaiacha misuli nyuma. Kijana alikuwa sahihi: nilimkata yule baunsa mkono nikauunga vibaya.

Ulna utaijua kwa kujishika, huhitaji kitabu. Kunja mkono, gusa ncha ya kiwiko, ile unayoegemea mezani. Hiyo ni ulna. Sasa teremsha kidole taratibu kuelekea kidole cha mwisho. Mfupa uko chini ya ngozi njia nzima, hakuna msuli unaoufunika, mpaka kwenye kile kinundu cha kifundo. Huo mstari ni zawadi. Hata mtu awe amejaa misuli kama gunia, au awe mnene kama mama ntilie wetu wa hapa kona, mstari ule haupotei. Kwa mnene unakuwa mfereji. Nikichora kigasha siku hizi naanza na mstari huo kabla ya kitu chochote.

Ukitoka hapo, kiwiko. Kiwiko kina alama tatu: ncha yenyewe katikati, na vinundu viwili vya pembeni, cha ndani na cha nje. Cha ndani ndicho kikigongwa unasikia umeme hadi kidole cha mwisho, kwa sababu mshipa wa fahamu unapita nyuma yake ukiwa karibu uchi. Chukua kalamu ya wino uziwekee nukta alama zote tatu, au umwekee nduguyo. Nyosha mkono: nukta zimekaa mstari mmoja. Kunja: zimekuwa pembetatu. Nilimwekea mdogo wangu nukta hizo nikamwambia akunje na kunyosha kwa nusu saa nzima huku nachora, hadi akasema bora akafue. Lakini tangu siku hiyo sijakosea kiwiko. Misuli inayokunja vidole inaanzia kile kinundu cha ndani; inayovinyosha inaanzia cha nje. Ukiwa na vinundu viwili umeshajua nusu ya kigasha.

Utauliza, misuli ya vidole inafanya nini kwenye kiwiko? Shika kigasha chako karibu na kiwiko kwa mkono wa pili, halafu chezesha vidole kama unapiga kinanda. Unasikia vitu vinatambaa? Ndani ya vidole vyenyewe hamna msuli. Kuna mfupa, kano, mafuta na ngozi. Vinavutwa kwa kano kutoka mbali, na kazi ndogo ndogo inafanywa na misuli midogo iliyoko kiganjani. Ndiyo maana kigasha kinene juu, kinasinyaa kuelekea kifundo: juu ni nyama, chini ni kamba. Na kifundo si duara kama bomba, binti yangu. Ni bapa. Kamata kifundo chako kwa juu na chini, halafu kamata kwa pembeni. Umeona? Kiberiti, si chupa.

Kuna mchezo mmoja napenda kuwafanyia watu. Gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, halafu kunja kifundo kidogo. Katikati ya kifundo itasimama kano moja kama waya. Wengine hawana kabisa, na hawapungukiwi nguvu yoyote. Mimi mkono wa kulia ninayo, wa kushoto sina. Mama ntilie hana pande zote mbili, na anasonga ugali wa watu sitini kila siku.

Bisepi sasa, maana najua ndiyo wanaume wote mnaisubiri. Bisepi siyo yai lililolala katikati ya mkono. Inaanzia kwenye kombe la bega kwa vichwa viwili, inapita mbele ya mkono wa juu bila kushika mfupa huo, inakwenda kushika radiasi chini ya kiwiko. Kwa kuwa inashika radiasi, na radiasi ndiyo inayozunguka, bisepi ina kazi mbili: kukunja mkono na kugeuza kiganja kitazame juu. Jaribu. Kunja mkono mraba, kiganja kitazame chini, shika bisepi. Sasa geuza kiganja juu kwa nguvu, kama unayekaza skurubu. Imekupanda mkononi, sivyo? Leonardo da Vinci alishaliona jambo hili zaidi ya miaka 500 iliyopita. Majira ya baridi ya 1510 kuingia 1511 alikuwa akichora mifupa na misuli ya bega na mkono, mkono ule ule akiuzungusha hatua kwa hatua, ukurasa mmoja una pande nyingi, kama mtu anayezunguka mti. Karatasi zile ziko Windsor, Uingereza, na picha zake zimejaa intaneti. Nilizitazama kwenye simu yenye kioo kilichopasuka nikasikia wivu wa kijinga kabisa, wivu wa kumwonea mtu aliyekufa 1519.

Chini ya bisepi kuna brakialisi, ambayo inashika ulna na inakunja tu, haijui kugeuza. Nyuma kuna trisepi, vichwa vitatu, inashika ile ncha ya kiwiko. Na kuna brakioradialisi, ambayo mimi naiita msuli wa ndoo: nyanyua ndoo ya maji huku gumba linatazama juu, utaiona inatoka mkono wa juu upande wa nje, inavuka kiwiko, inakwenda kushika radiasi karibu na gumba. Kwa kuwa inaanzia juu ya kiwiko, uvimbe wa upande wa nje wa kigasha unakaa juu zaidi kuliko uvimbe wa ndani. Hapo ndipo muhogo unapokufa. Muhogo una uvimbe wa kushoto uliolingana na wa kulia. Mkono hauna, upande mmoja ukivimba juu, wa pili unavimba chini yake, kama mto unaopinda. Ukichora vimbe mbili zikitazamana uso kwa uso, futa.

Narudia, shika mkono wako. Najua nimeshasema. Nitasema tena.

Ilinichukua miezi minane ya kuchora mikono kila siku. Sitawachosha nayo, ilikuwa miezi ya kuchosha. Niseme tu darasa langu lilikuwa daladala. Asubuhi ya saa moja, ukiwa umesimama, una mikono ishirini juu ya kichwa chako imeshika bomba, mikono ya shati imeteremka, viwiko vyote vinakutazama. Ya wanafunzi, ya wapaka rangi, ya wamama wa sokoni wenye bangili. Hakuna jumba la sanaa duniani litakalokupa hiyo kwa nauli ile. Mkono mzuri kuliko yote ulikuwa wa konda mmoja wa kuelekea Mbagala aliyekuwa akitikisa sarafu kwenye ngumi. Kila akitikisa, kamba tatu zilikuwa zinaruka nyuma ya kiganja chake na nyama inashtuka karibu na kiwiko, kwa wakati mmoja. Nilipitiliza kituo mara mbili kwa ajili ya mkono ule. Mara ya pili akaniuliza, "Mzee, unashuka au unanichora?" Nikamwambia nakuchora. Akavua saa nione vizuri.

Kabla ya hapo nilikuwa nauza michoro ya tingatinga kwa watalii, na siionei haya hata kidogo. Edward Saidi Tingatinga alianza 1968 na rangi ya mafuta ya kupakia nyumba na vipande vya mbao za kubonyezwa, akafa 1972, na aina yake ya uchoraji inalisha familia za Dar es Salaam hadi leo. Lakini simba wa tingatinga hana kiwiko na wala hakihitaji. Ana uhai kwa nukta na rangi. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba mkono wa baunsa utakubali kuishi kwa masharti ya simba yule.

Na nisimsikie mtu akisema hana kipaji. Kipaji! Watu wanapenda neno hilo kwa sababu linawapumzisha. Vijana wa siku hizi mnanitumia picha iliyochorwa na programu ya simu, mkono una vidole sita, mnaniuliza nionavyo. Naona vidole sita. Hamtaki kukaa na kiwiko kimoja siku saba, mnataka mwili mzima ifikapo Ijumaa. Nilikuwa hivyo, ndiyo maana najua.

Hata wakubwa walitatizwa na mkono. Mwaka 1632 Rembrandt, hajafika miaka 30, alichora madaktari wa Amsterdam wamemzunguka Dokta Tulp anayefundisha kwa maiti. Mchoro uko The Hague. Kigasha cha kushoto cha maiti kimefunuliwa, Tulp ameishika misuli kwa koleo, na mkono wake mwenyewe wa pili ameukunja vidole kana kwamba anaonyesha misuli ile inafanya nini. Madaktari wamebishana juu ya kigasha kile: wapo wanaosema misuli ile inaonekana kutokea upande wa nje wa kiwiko, wakati ya kukunja vidole inatokea ndani. Wengine wanamtetea. Nilipolisoma hilo nilitembea chumbani kama mtu aliyeshinda kesi. Mke wangu akanikumbusha kwamba yule alikuwa Rembrandt.

Mwaka jana, mwezi wa tano, nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. Ni yule kijana mwembamba. Amemaliza masomo, yuko kwenye kliniki ya viungo, wanataka mabango matatu ya mkono ya kuwaonyesha wagonjwa: mifupa, misuli ya mbele, misuli ya nyuma. Alikuwa ameona michoro yangu ya daladala mtandaoni. Hakujua kama mimi ndiye yule wa muhogo. Nilimwambia kwenye simu hiyo hiyo, nikitegemea atakata. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi kaka, wewe ndiye tunayekutaka. Hutarudia kosa lile."

Nilichora wiki tano. Mfupa wa mkono wa juu, mitulinga, vijifupa vinane vya kifundo ambavyo nilivichora mara kumi na moja kwa sababu vimekaa kama kokoto kwenye mfuko na hakuna kinachofanana na mwenzake. Alipokuja kukagua alipitisha kidole juu ya bango bila kuligusa, kutoka kiwiko hadi kifundo, huku amejishika kigasha chake kwa mkono wa pili. Akasahihisha kitu kimoja: kano ya trisepi nilikuwa nimeifanya fupi. Nikairekebisha siku hiyo hiyo. Kiasi walichonilipa sitakitaja, mke wangu anasoma hapa, ila walilipa chote kabla sijafungua rangi.

Kwa hiyo binti yangu wa Morogoro: mtoe yule wa tatu kwenye kanga. Anza na mtulinga. Weka nukta tatu za kiwiko, chora mstari wa ulna, tafuta gumba linatazama wapi ndipo ujue radiasi imevuka au haijavuka, halafu nyama mwisho. Simama mbele ya kioo uone mkono ukining'inia: kiwiko kinaishia usawa wa mwisho wa mbavu, kifundo karibu na kinena, ncha za vidole katikati ya paja. Ukishindwa shika mkono wako. Nitumie michoro mitatu mwezi ujao, hata ikiwa mibaya, ila mikono ionekane.

Juzi Jumapili nilikuwa na safari upande ule wa jimu. Jimu yenyewe imehama. Ukuta upo, na mbele yake wamejenga kibanda cha wakala wa pesa, kimemfunika baunsa wangu karibu wote, sura na kaptula na ule mkono aliokuwa ameukunja. Umebaki wa kushoto tu, unachungulia pembeni ya kibanda, umeshika dambeli. Nilikuwa na pesa ya kutoa, nikapanga foleni. Mbele yangu alikuwa mzee mmoja wa kimo cha kawaida, mfupi kuliko baunsa, amechoka kusubiri, akaegemea ukuta pale pale penye mkono wangu. Kiwiko chake kikakaa kando ya kile cha kwenye mchoro. Chake kilikuwa juu ya changu kwa nusu shubiri.